Kuti la Saba

Bongwe,
S.L.P. 117,
Ukunda.

Ijumaa, 2 Mei 2025

Mpendwa dada Kadzo,

Shikamoo. Kabla ya jambo lolote, nambie hali yenu. Goti la shemeji Johnstone limekubali kukunjika, au bado anashuka ngazi kwa kinyumenyume? Na kifua chako, baridi ya Kitale imekiachia? Kijana wenu Trevor naye ameshapata kazi, au angali anazunguka na bahasha yake ya vyeti? Huku kwetu tu wazima, kwa rehema za Mungu. Menza na mkewe wanakuamkia. Masika yameanza. Katika siku kumi na nne zilizopita imenyesha siku kumi na mbili, na muhogo wa nyuma ya nyumba umesimama kama askari.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu ninayo. Sababu ni kwamba kwenye simu ulinicheka. Nilikupigia mwezi uliopita nikakwambia nimeombwa kufundisha darasa, ukasema, "Wewe, Kahaso? Utawatandika watoto wa watu fito!" Ukacheka mpaka ukakohoa. Shemeji akauliza kunani, ukamwambia, naye akacheka. Mkawa wawili. Mimi nikakata, nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzuri. Basi leo nimeona bora karatasi, maana karatasi mtu huisoma mpaka mwisho kabla hajajua pa kucheka.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo cha ufundi kilichofunguliwa njia ya Msambweni kinaanzisha darasa la makuti, kushona na kuezeka. Mkuu wa chuo alinifuata mwenyewe, akanikuta juu ya paa la banda nafunga fito, akanisemesha kutoka chini na shingo yake imepinda. Cheti sina, alijua. Alisema mwenye cheti cha makuti hayupo duniani, na mwenye mapaa ndiye mimi. Wanafunzi ni kumi na wanane, wasichana kumi na mmoja na wavulana saba. Naanza Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Lakini ni majaribio. Wakipungua chini ya kumi na wawili kabla ya mwezi kwisha, darasa linafungwa na chumba wanapewa watu wa ushoni.

Wewe unajua mimi si mtu wa kutetemeka. Lakini hili linaninyima usingizi. Hoteli za Diani sasa zinaagiza makuti ya plastiki kutoka ng'ambo, yanashushwa kwa makontena, hayaozi wala hayana harufu. Washonaji wangu walikuwa ishirini na sita. Wamebaki tisa, na mdogo wao kwa umri ana miaka arobaini na minne. Hesabu hiyo haihitaji kalamu. Nisipowashika hawa kumi na wanane, sisi ndio wa mwisho.

Tangu nikubali, nimekuwa nikilikumbuka jiko la Mama. Jiko lenyewe halipo, mahali pake pana tangi la maji, lakini kila nikienda kuchota nakuona umesimama pale na kipande cha mkaa, unaandika ukutani. Wanafunzi tulikuwa watatu: mimi, kuku aliyefungwa mguu, na kinu. Mwenye adabu kuliko wote alikuwa kinu. "Simameni!" unasema, nasimama. "Kaeni!" Nakaa. "Saba mara nane?" Nami najibu hamsini na sita kabla hujafunga mdomo, nawe unakasirika kwa sababu hukuwa umeshamaliza kuihesabu wewe.

Na kila siku ukifuta ukuta kwa tambara nilikuuliza, "Na mimi nitakuwa mwalimu lini?" Ukajibu, "Kesho. Kesho zamu yako." Kadzo, nilikuwa naamini! Nilikuwa nalala nimeshapanga nitakachomuuliza kuku. Kesho hiyo haikuja. Ikaja barua yako ya shule ya bweni, ukaondoka na sanduku la bati, na mkaa ukarudi kuwa mkaa wa kupikia.

Nikiwa darasa la saba, na hesabu napata tisini na moja kwa mia, Mama akanitoa shule kwa sababu mikono ya kushona ilikuwa haitoshi na karo yako ilikuwa haingoji. Nilishona makuti mia na ishirini kwa wiki, wiki arobaini kwa mwaka, kwa ile miaka miwili yako iliyobaki. Ni makuti elfu tisa na mia sita. Sikudai kitu. Nataka tu ujue kwamba niliyahesabu.

Hata Mama alipofariki, mwaka 2016, wewe ulichukua kanga zake na ile picha aliyopigwa Mombasa. Mimi nikachukua kipimo chake. Nilipokuuliza kama unakitaka, ulisema, "Chukua wewe, fimbo hiyo nitaipeleka wapi?" Nikajiambia, basi, mwenzangu kapata dunia na mimi nimepata fimbo.

Bila shaka unaikumbuka. Kipande cha mkoko, kimesuguliwa na viganja mpaka kinang'aa, na upande mmoja kina alama za meno ya panya. Mama alikikata kwa mkono wake, kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Vipimo viwili ndio urefu wa ufito, na ufito ndio urefu wa kuti linaloshonwa juu yake. Huo ndio ufundi wote tuliorithi, na juu yake nimejenga kazi yangu ya miaka thelathini na minane.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo barua hii inapotoka.

Jumatano ya wiki iliyopita nilikwenda chuoni wakati wa likizo kujaribu darasa likiwa tupu. Nilishika chaki. Nilikuwa sijashika chaki tangu nilipotolewa shule. Nikaandika jina langu ubaoni, likashuka upande mmoja kama paa lililooza nguzo. Nikageuka, nikayaambia madawati, "Kaeni!" Ilitoka sauti yako, dada, ileile ya jikoni. Baada ya hapo sikuwa na neno. Nilisimama nadhani dakika tano, mikono sijui niiweke wapi.

Akaingia Damaris. Huyu ni mwalimu wa ushoni wa chumba cha pili, binti wa Kisii, umri wa Menza lakini maneno yake ya bibi kizee. Ndiye aliyekuwa akinisaidia kuandika mpango wa somo, maana mkuu anataka kila kitu kwa karatasi, na kwa sentimita. Akausoma.

"Mama Menza, hapa umeandika kuti moja ni mita moja. Umepima?"

"Nimepima kwa miaka thelathini na minane."

"Umepima na nini?"

Nikamtolea kipimo cha Mama.

"Na hiki ni ngapi?"

"Nusu mita."

"Nusu mita ya wapi?" Akavuta tepu iliyokuwa shingoni mwake, akailaza juu ya kile kijiti. "Weh! Mama, hii ni arobaini na tatu."

"Pima tena."

"Nimepima. Hata nikivuta haiongezeki, si lastiki."

"Basi tepu yako imekatwa."

"Yangu imetoka kiwandani, mama. Yako imetoka wapi?"

Usiniulize kwa nini sikuwahi kukipima. Tepu ninayo, ya chuma, mita nane, napimia mapaa. Lakini kipimo nani hukipima? Na wewe ndiwe uliyenifundisha, Kadzo. Uliandika ukutani kwa mkaa, "Mkono mmoja ni nusu mita, mikono miwili ni mita. Semeni!" Nikasema mimi, kinu kikanyamaza. Katika masomo yako yote hilo ndilo nililolibeba mpaka uzeeni, na hilo ndilo lililokuwa na kosa. Mwalimu hukupima. Kinu kilikuwa na akili kutushinda sote wawili.

Nilikaa kwenye dawati la mwanafunzi. Damaris akadhani naumwa, akanipa maji. Mimi nilikuwa napiga hesabu. Arobaini na tatu mara mbili, themanini na sita. Kila kuti nililouza kwa jina la mita lilipungua sentimita kumi na nne. Mtu akiagiza mita sita nimempa makuti sita, yaani mita tano na kidogo. Na mimi hujisifu mbele za watu kwamba sijapata kumdhulumu mtu hata kamba!

Hapo ndipo nikalikumbuka lile la saba.

Unakumbuka Mama alivyokuwa akihesabia wateja? Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, kisha analiweka jingine juu yake kimya, bila kulihesabu. Mtu akiuliza, anajibu, "Hilo la mvua." Sisi tulijua ni sadaka. Mimi kila siku nilikuwa namnung'unikia, kwamba biashara gani hii ya kugawa moja kwa kila sita. Na alipofariki, jambo la kwanza nililolifanya nikiwa mwenye kazi ni kuliondoa kuti la saba. Nililiondoa siku ya tatu baada ya arobaini yake.

Basi nikaandika pembeni mwa mpango wa somo: saba mara themanini na sita. Mia sita na mbili. Mita sita na sentimita mbili, dada! Mbili tu! Mama asiyejua kuandika jina lake.

Kesho yake nilikwenda kwa Bi Hafsa. Yupo, shikamoo zako nilimfikishia. Macho yamepungua lakini ulimi umebaki na makali yake yote. Kama unavyojua, yeye ndiye aliyemfunza Mama kushona alipotoka Kinango akiwa mwali. Nikamwuliza kuti la saba lilikuwa la nini.

"La ule mkono wake wa kuku!" akasema. "Siku ya kwanza tulipanga makuti yake na yetu, yake mafupi. Wanawake wakamcheka mpaka akalia. Nikamwambia, wee mwali, kata kipimo kwa mkono wangu, yaishe. Akakataa. Akasema kazi yake ataipima kwa mkono wake. Akakaa siku mbili anapanga na kupangua pale uani, kisha akanijia. 'Hafsa, yako sita ni yangu saba. Basi nitatoa saba.' Hata siku moja hakukosa."

"Mbona mimi hakuniambia?"

"Ulimuuliza? Wewe tangu utolewe shule ulikuwa umenuna. Mtu aliyenuna aambiwe nini? Mama yako alikuwa akikupitia mbali kama mtungi wenye ufa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na mvua, na mwavuli nikiwa nao mkononi sijaufungua.

Nikafungua daftari nikaandika mapaa yote niliyoshonea tangu 2016. Ni arobaini na moja. Mengi yameshang'olewa au yamevikwa plastiki. Yaliyobaki ni kumi na matatu, na nitayafikia moja baada ya jingine. Lakini kulikuwa na mtu mmoja asiyeweza kungoja zamu. Hujamjua. Anaitwa Hesbon, fundi wa kuezeka, mtu wa bara aliyehamia Ukunda. Miaka minne iliyopita nilimshonea makuti mia tatu na sitini ya ukumbi wa kulia chakula huko Diani. Akaja kusema hayakutosha. Mimi nikamwambia mbele ya vijana wake saba kwamba makuti hayana miguu, atafute mwizi nyumbani kwake. Tangu siku hiyo tukikutana sokoni mmoja hugeuka kutazama nyanya.

Kwa hesabu ya Mama nilikuwa nimempunja sitini. Jumatatu nikayapakia makuti sitini kwenye tuk-tuk, safari mbili, nikampelekea.

Akanitazama akiwa mlangoni. "Mama Menza! Umekuja kumalizia matusi?"

"Nimeleta makuti sitini ya lile paa. Yalipungua. Ulisema kweli."

Akayatazama, akanitazama, akaanza kucheka polepole. "Lile paa walilitoa mwaka juzi, mama. Sasa ni plastiki juu mpaka chini."

"Basi niyarudishe?"

"Nani amesema urudishe? Banda langu la kuku linavuja." Kisha akaacha kucheka. "Lakini uliniita mwizi mbele ya vijana saba."

"Waite. Nitawaambia."

"Wamebaki watatu. Wanne walihama."

"Nitawaambia watatu, na wale wanne nipe namba zao."

Alinipa, dada. Sikudhani angenipa. Mpaka leo nimewapata wawili. Mmoja yuko Lunga Lunga, anaendesha boda boda, hakunikumbuka kabisa. Wa pili alinikumbuka vizuri sana.

Nimeyaandika haya yote ili ujue kwamba nimerudia pia ile hesabu yangu ya elfu tisa na mia sita. Nilipoifanya mara ya kwanza sikuweka makuti ambayo Mama alishona kando yangu mchana kutwa, naye alifunga zaidi yangu na akala kidogo kuliko mimi. Wala sikuweka likizo zako. Ulikuwa ukirudi hata viatu hujavua, unakaa mkekani unashona, na ulikuwa unashona vibaya, Mungu anisamehe! Ukienda kisimani Mama alikuwa anayafumua makuti yako na kuyashona upya, ananiwekea kidole mdomoni nisikwambie. Sijakwambia kwa miaka thelathini na minane. Basi leo nimekwambia.

Sisemi kinyongo kimekwisha. Kimepungua, na kilichobaki nakijua urefu wake.

Mambo mengine ni machache. Yule mbuzi mweusi amezaa pacha. Kanisani wamepaka rangi ya samawati, mimi siipendi, lakini hawakuniuliza. Mke wa Menza anatarajia mwezi wa tisa, na akizaliwa wa kike ataitwa jina la Mama, hilo limekwisha kukatwa, hakuna mjadala.

Turudi kwenye Jumatatu. Mpango wa kwanza niliuchana, na Damaris akalia kama nimemchana yeye. Mpya ni huu. Nitaandika ubaoni maneno yako: mikono miwili ni mita. Nitayaacha hapo, sitasema ni kweli wala uongo. Kila mwanafunzi atakata kijiti kwa mkono wake mwenyewe, kiwiko mpaka kidole. Tutakuwa na vijiti kumi na vinane visivyolingana. Ndipo nitawapa tepu, na kila mmoja atatafuta anapaswa kuongeza makuti mangapi ili mita sita ziwe mita sita. Kisha nitawaeleza habari za paa la Hesbon, mimi mwenyewe, kabla hawajazisikia sokoni. Damaris ameshajaribu: mkono wake ni arobaini na moja na nusu, anatakiwa kutoa saba na robo. Tangu jana ananiuliza hiyo robo ataikata vipi.

Nina swali moja kwako, na nakuuliza wewe kwa sababu umesimama mbele ya watoto miaka thelathini na mmoja na mimi dakika tano mbele ya madawati. Ukishasema "Kaeni", wakakaa, wakakutazama, kile kimya cha kabla ya neno la kwanza unakishika vipi? Mikono unaiweka wapi? Nambie kama unavyomwambia mwalimu mwenzako.

Barua hii anakuletea Mercy, binti wa jirani yetu, anapanda basi kesho na atakuwa Kitale Jumapili asubuhi. Kwa hiyo una mchana mzima wa kuisoma. Nipigie jioni. Ukicheka sitakata.

Pamoja na barua nimekufungia nazi nne, maembe makavu ya shemeji, na kijiti kilichozungushiwa gazeti. Usikitupe. Nimekikata sawasawa na kipimo cha Mama, sentimita arobaini na tatu, na safari hii nimekipima mara tatu. Kiweke mezani, weka kiwiko chako mwisho mmoja, nyoosha vidole, uone vinafika wapi. Wangu umepita kwa sentimita nne. Menza amepita kwa saba. Nimejaribu kila mtu wa nyumba hii na hakuna aliyepatia. Nadhani mkono wa Mama ulikwenda nao wewe.

Nisalimie shemeji, mwambie apake lile goti mafuta ya nazi ya moto na aache ukaidi. Nisalimie Trevor, mwambie bahasha ikichakaa aje, nina fito za kufunga. Bi Hafsa anakuombea dua, na mimi namwomba Mungu akupe pumzi nyepesi na usingizi usiokatika, na atukutanishe tukiwa tungali na meno ya kucheka.

Kipimo cha asili nimebaki nacho. Jumatatu nitakwenda nacho darasani, maana ile kesho uliyoniahidi jikoni imefika, na zamu ni yangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Kahaso Mwero